Rimu Imekubali, Breki Zimekataa: Kutafuta Spea za Breki za Dramu kwa Ekseli ya Kuazima

Boliti sita ndizo zilizotuponza.

Mpwa wangu ana bodi ya pikapu ya Chevrolet ya mwaka 1952. Aliikuta katika shamba la zamani la kahawa upande wa Kibosho, imelala chini ya mgrevilea, sakafu imeliwa na kutu lakini kichwa na mabawa bado vizima. Anaijenga upya kwa mtindo ambao Wamarekani wanauita hotirodi: bodi ya kale, moyo mpya. Injini ni ya dizeli ya Toyota, aina iitwayo 3L. Ekseli ya nyuma ni ya Hilux, tuliyoinunua Unga Limited mjini Arusha kwenye lundo la vyuma vya magari yaliyochinjwa. Siku tuliyoiingiza chini ya chesisi, kijana alichukua rimu ya zamani ya Chevrolet, akaisukuma kwenye ekseli ya Toyota, na matundu sita yakaingia kwenye boliti sita kama vitu vilivyozaliwa pamoja. Gereji nzima hapa Njoro, Moshi, ikashangilia. Fundi mkuu akaniambia, "Mzee, hii imekubali. Sasa leta breki shuu tu, tumalize."

Hizo "breki shuu tu", vyuma viwili vilivyopinda vinavyotanuka na kusugua ndani ya dramu, yaani lile bakuli la chuma linalozunguka na tairi, zilinichukua wiki tatu, safari mbili za Arusha na seti mbili zisizofaa. Nimeandika haya kwa sababu kosa letu ni la kawaida mno, na kwa sababu breki ni jambo ambalo siwezi kulipitia juu juu. Gari likikataa kuwaka, unabaki nyumbani. Likikataa kusimama kwenye mteremko wa Marangu kuja Himo, watu wengine ndio wanaobaki barabarani.

Kwanza, kwa nini ekseli ibadilishwe? Kwenye pikapu za Chevrolet za kizazi kile, hadi 1954, propela, fimbo inayopeleka nguvu ya injini nyuma, haikuwa wazi kama tunavyoiona leo. Ilifungiwa ndani ya bomba lililounganika na difu (gia zilizo katikati ya ekseli ya nyuma) na kushikana na gia boksi mbele, kipande kimoja. Chevrolet walihamia kwenye propela ya wazi mwaka 1955. Kwa hiyo anayetaka kuweka injini na gia boksi ya Toyota kwenye bodi ya 1952 hana njia: difu ya asili lazima itoke. Wenzetu wa Marekani wamekuwa wakifanya kazi hii tangu miaka ya 1930, vijana wa California walipokuwa wakivua mabawa ya Ford na kwenda kushindana mbio kwenye mabonde makavu ya chumvi na udongo. Ekseli wanayoipenda kuliko zote ni ya Ford iitwayo "inchi tisa", kwa kipimo cha gurudumu kubwa la meno lililo ndani yake. Ilitengenezwa kuanzia 1957 hadi miaka ya 80. Nao wana maumivu yaleyale, maana ekseli mbili zenye jina hilohilo moja zinaweza kuwa na miisho tofauti, moja ya beringi ndogo na nyingine ya beringi kubwa, na boliti za kushikia breki zimekaa mahali tofauti.

Huku Kaskazini kazi hii tumeizoea bila kuipa jina. Magari ya utalii Arusha hukatwa na kurefushwa, Land Rover za shamba hubeba difu ambazo hakuna anayekumbuka zilitoka wapi. Gari linatembea, kwa hiyo hakuna anayeuliza. Swali huja siku breki zinapoisha.

Kukubali kwa rimu kuna maana gani

Turudi kwenye zile boliti sita. Chevrolet walizipanga kwenye duara lenye kipenyo cha inchi 5.5. Toyota nao walizipanga kwenye duara la mm 139.7. Ni kipimo kimoja, inchi 5.5 ndiyo mm 139.7 kamili. Nissan Patrol na pikapu za Mitsubishi zimo humohumo. Kwa hiyo rimu kukubali kulituambia jambo moja peke yake, kwamba rimu imekubali. Halikusema lolote kuhusu kilichomo ndani ya dramu. Hata nati hazikuwa za aina moja, kwa sababu uzi wa boliti za Toyota ni wa milimita na ule wa Chevrolet ni wa inchi. Nati inayoingia mizunguko miwili kisha ikakaza siyo nati iliyokubali. Irudishe.

Ekseli yenye boliti sita ni rahisi kuipima: chukua umbali kutoka katikati ya boliti moja hadi katikati ya ile inayotazamana nayo. Yenye boliti tano huwachanganya mafundi wengi kwa sababu hakuna boliti inayotazamana na mwenzake. Hapo pima kutoka katikati ya boliti moja hadi katikati ya jirani yake, kisha gawanya kwa 0.588. Ukipata mm 97 kati ya majirani, duara ni la mm 165, na hiyo ni Land Rover. Ukipata mm 88, duara ni la mm 150, nayo ni Land Cruiser ya boliti tano, zile zilizoanza kutoka mwishoni mwa miaka ya 90. Zote mbili zimejaa mitaani Arusha, na kwa macho zinaweza kukudanganya.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, nao ndio ulionikamata mimi. Nilifika dukani nikasema, "Mangi, nipe breki shuu za nyuma za Hilux." Nikapewa, na muuzaji hakukosea, swali langu ndilo lililokuwa na kasoro. Hilux nyingi za miaka ya 80 na 90 zinazovuta tairi za nyuma tu zina dramu ya mm 254. Zile zinazovuta tairi zote nne, nyingi zina dramu ya mm 295. Ekseli yetu ilitoka kwenye gari la tairi nne. Shuu nilizonunua zililegea ndani ya dramu kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake.

Sasa tazama hiyo namba 254. Ni inchi 10 kamili. Land Rover za zamani za chesisi fupi, zile za inchi 88, zina dramu ya inchi 10. Magari mengi ya Marekani yana dramu ya inchi 10. Mtu mwenye Land Rover ya namna hiyo anaweza kupima, akapata 254, akaambiwa na rafiki yake kwamba za Hilux zitaingia. Kipenyo kinalingana, lakini shuu ya Land Rover ile ina upana wa inchi moja na nusu, imeshikwa kwa namna yake na springi zake, na haina uhusiano wowote na ya Toyota. Kipenyo sawa ni sharti la kwanza tu kati ya masharti mengi.

Familia mbili za breki

Kabla ya kupima chochote, fungua dramu utazame. Kwenye Toyota dramu ikigoma kutoka usiipige nyundo pembeni, utaipasua. Ina matundu mawili madogo yenye uzi. Funga humo boliti mbili za mm 8, zile za spana 12, uzikaze kwa zamu, nayo itasukumwa nje yenyewe. Ikiwa bado imeshika, legeza kwanza adjasta, kile kirekebishi cha nafasi kati ya shuu na dramu, kupitia kitundu cha nyuma, kwa sababu shuu zimezama kwenye sehemu iliyochakaa, nyuma ya ukingo wa dramu.

Ukishafungua, tafuta mahali shuu zinapojishikia. Swali hili moja linagawa breki karibu zote za dramu utakazokutana nazo katika familia mbili.

Katika familia ya kwanza, wili silinda, pampu ndogo inayozisukuma shuu, iko juu, na chini kuna nguzo isiyosogea ambayo miguu ya shuu zote mbili inaiegemea. Gari likienda mbele, shuu ya mbele huvutwa na mzunguko wa dramu ijikandamize yenyewe, na ya nyuma husukumwa kidogo kurudi. Hilux iko humu. Ni breki yenye adabu: unakanyaga kiasi, inashika kiasi.

Katika familia ya pili, nguzo iko juu, juu ya wili silinda. Chini hakuna kitu kisichosogea. Shuu mbili zimeunganishwa na adjasta inayoelea. Ukikanyaga, shuu ya mbele hushikwa na dramu, ikazunguka nayo kidogo, na kupitia ile adjasta ikaisukuma shuu ya nyuma kwa nguvu kubwa kuliko ile iliyotoka kwenye pedali. Mtindo huu unajulikana kwa jina la Bendix, na Chevrolet waliuweka kwenye pikapu zao ndogo mwaka 1951, wakiacha aina ya Huck waliyokuwa wakiitumia. Utautambua hata shuu zikiwa mezani, kwa sababu lainingi (ile tabaka ya kusugua iliyobandikwa juu ya shuu) ya shuu ya mbele kwa kawaida ni fupi na ya nyuma ni ndefu. Ukizibadilisha nafasi kwa bahati mbaya, breki hupoteza nguvu nyingi, na ukikosea upande mmoja tu gari litavuta upande ukikanyaga.

Kwa nini nalisema hili kwa kirefu? Kwa sababu kuna mafundi wazuri kabisa wanaoamini kwamba shuu ikipata kipenyo na upana, inaweza "kulazimishwa" kwa kuchomelea kipande hapa na kusaga pale. Shuu iliyotengenezwa kuelea, ukiiweka kwenye bekipleti (sahani ya chuma inayoshikilia breki nyuma ya dramu) yenye nguzo ya chini, haina mahali pa kukaa. Kuchomelea hakutaipa. Na hata ikikaa, hesabu ya nguvu imevurugika, kwa sababu familia hizi mbili hazitoi nguvu sawa kwa msukumo uleule wa pedali.

Cha kupima, na namna ya kukipima

Venia ya kawaida ya gereji inaishia mm 150, haiwezi kupima ndani ya dramu. Sisi tulitumia vipande viwili vya flati ba vilivyochongwa ncha, tukavitelezesha kimoja juu ya kingine mpaka ncha zikagusa pande zote mbili, tukavibana kwa klempu, tukatoa na kupima kwa rula ya chuma. Ncha ziguse ndani kabisa, kupita ule ukingo ambao shuu haziufikii, maana ukingo haujachakaa na utakupa namba ya uongo. Pima sehemu nne kwa kuzungusha. Vipimo vikitofautiana, dramu imekuwa yai, na hiyo ndiyo pedali inayotetemeka mguuni.

Kwenye dramu yenyewe, nje au ndani, mara nyingi kuna namba iliyotolewa kiwandani pamoja na chuma: kipenyo cha juu kabisa kinachoruhusiwa. Dramu ya 254 mwisho wake ni 256, ya 295 mwisho wake ni 297. Safisha kutu kwa brashi ya waya uisome. Ukiipeleka kwa mkereza, mwambie namba hiyo kabla hajawasha mashine, na umpe dramu zote mbili azikereze kipimo kimoja. Iliyopita kipimo haitengenezeki, hata kama inaonekana nene, kwa sababu chuma hicho ndicho kinachokunywa joto lote la kusimamisha gari. Kikipungua, joto linapanda haraka, lainingi inapoteza mshiko, na hapo ndipo unapowasikia madereva wakisema breki "zimekimbia" mlima wa Mto wa Mbu.

Upana wa shuu unapimwa kirahisi. Kinachosahaulika ni kina cha dramu: umbali kutoka kwenye uso unaokaa kwenye ekseli hadi kwenye mdomo wake. Dramu yenye kipenyo sahihi lakini kina kikubwa itasugua bekipleti. Yenye kina kidogo itaacha nafasi ya kuingiza matope, na shuu itachungulia nje ikachakaa upande. Tundu la katikati nalo likalie kitovu cha ekseli bila kucheza, kwa sababu hicho ndicho kinachoiweka dramu katikati.

Kuna watu watakaotaka kufanya kinyume cha sisi, yaani kuhamishia bekipleti na breki za asili kwenye ekseli mpya. Inawezekana, ila inahitaji mambo matatu yakubaliane kwa wakati mmoja: mpangilio wa boliti za mwisho wa ekseli, tundu kubwa la katikati la bekipleti, na umbali kutoka bekipleti hadi uso wa boliti za tairi. Hilo la tatu ndilo linalowaangusha. Ushauri wangu ni kwamba ekseli ije na breki zake nzima, kutoka kwenye gari lilelile, hata kama zimechakaa. Bekipleti iliyochakaa ni ramani. Ekseli tupu ni kitendawili.

Kwenye Hilux, bekipleti imeshikwa na nati nne, na ukizifungua hafu shafti, fimbo ya ndani inayozungusha tairi, inatoka na beringi yake. Ukifika hapo, badilisha oili sili hata kama haivuji, kisha tazama kitundu cha kupumulia cha difu juu ya ekseli. Kikizibwa na matope, joto huongeza shinikizo ndani na oili hutoka kwa nguvu kupitia sili mpya, ikaloweka lainingi mpya. Ekseli iliyolala kwenye lundo mwaka mzima, kitundu chake kimeziba. Yetu ilikuwa imeziba.

Namba zinazosema ukweli

Gari la Toyota lina kibati, mara nyingi chini ya boneti, chenye modeli, namba ya chesisi na msimbo wa ekseli. Tatizo la ekseli ya kuazima ni kwamba kibati hicho kimebaki kwenye gari lililokufa. Kwa hiyo, ukienda kununua ekseli Unga Limited au popote, na gari bado lipo, toa simu upige picha ya kibati kabla ya kupatana bei. Sisi hatukufanya hivyo. Tulirudi siku kumi baadaye, kichwa cha gari kilikuwa kimeshauzwa, na ilitubidi tuanze kupima kila kitu kwa mkono.

Ukiwa na namba ya chesisi, muuzaji mzuri atatafuta namba ya spea. Namba ya Toyota ina makundi mawili. Tarakimu tano za mwanzo zinasema ni kitu gani: 04495 ni breki shuu za nyuma, 42431 ni dramu ya nyuma, 47550 ni wili silinda ya nyuma. Kundi la pili ndilo linalosema ni la gari lipi. Muuzaji akikwambia "mwanzo unafanana, chukua tu", amekwambia kwamba zote mbili ni breki shuu, na hilo ulikuwa unalijua. Kwenye maboksi mengi ya Kijapani ya watengenezaji wengine utakuta namba fupi inayoanza na K. Ukishapata iliyokaa sawasawa, iandike hiyo, maana itakusaidia kwa muuzaji asiye na kitabu cha Toyota.

Na ile kauli ya kila duka, "njoo na sampo"? Ni kauli nzuri, lakini sampo nayo inaweza kuwa muongo. Huenda aliyetangulia naye alilazimisha. Seti yangu ya pili niliinunua kwa sampo iliyotoka upande wa kushoto wa ekseli yetu wenyewe, na ilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa. Upande wa kulia ulikuwa na shuu tofauti! Gari lile lilikuwa limetembea hivyo, sijui kwa miaka mingapi. Kabla ya kuiamini sampo, ilinganishe na mwenzake wa upande wa pili, na uitie ndani ya dramu. Paka chaki kwenye lainingi, funga dramu, kanyaga breki huku mtu akizungusha, kisha fungua. Chaki ikifutika katikati tu, duara la shuu ni dogo kuliko la dramu. Ikifutika pembeni tu, kuna kitu kimepinda. Ikifutika sehemu kubwa ya uso, umepata.

Pale ambapo shuu mpya hazipatikani kabisa, kama ilivyokuwa kwa breki za mbele za Chevrolet yetu, usitupe shuu kuukuu. Chuma chake ndicho chenye umbo ambalo huwezi kulinunua. Wapo mafundi, Arusha na Moshi, wanaong'oa lainingi iliyokwisha na kupiga mpya kwa riveti. Kazi hii ni ya heshima na imeyaokoa malori mengi. Mwombe atumie lainingi ya unene mmoja pande zote na akaze riveti kutoka katikati kwenda pembeni, ili isiache uvungu.

Wili silinda: tofauti ndogo, matokeo makubwa

Wili silinda nyingi zina kipimo ubavuni, na hata za Kijapani mara nyingi huandikwa kwa inchi: 13/16, 7/8, 15/16. Ukizishika mkononi hutaona tofauti. Lakini nguvu inategemea eneo la pistoni, na eneo hukua kwa mraba wa kipenyo. Kutoka 13/16 kwenda 15/16, nguvu ya kusukuma shuu inaongezeka kwa karibu asilimia 33 kwa shinikizo lilelile. Na ili pistoni kubwa itembee umbali uleule, inahitaji mafuta ya breki zaidi kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo pedali inashuka chini zaidi.

Nguvu zaidi nyuma inasikika kama habari njema. Siyo. Gari likifunga breki, uzito unakimbilia mbele na nyuma kunakuwa kwepesi, hasa pikapu tupu. Tairi za nyuma zikisimama kabla ya za mbele, mkia unataka kutangulia. Ndiyo maana Hilux ina vali kwenye chesisi iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo: gari likibeba mzigo na kushuka, vali inaruhusu shinikizo zaidi kwenda nyuma, likiwa tupu, inalipunguza. Anayehamisha ekseli huiona fimbo inaning'inia, anaikata, na ndivyo anavyokata ulinzi wenyewe bila kujua. Kwa pikapu yetu, springi za Chevrolet hazishuki kama za Hilux, kwa hiyo vali ya asili ingesoma vibaya. Tuliweka vali ya kurekebisha kwa mkono kwenye bomba la nyuma, na tukaanza na shinikizo dogo.

Masta silinda ya 1952, pampu kuu inayosukumwa na pedali, tuliitoa bila mjadala. Ni ya chumba kimoja, bomba moja likipasuka breki zote nne zimekwenda. Magari mengi ya Marekani yalipata masta silinda ya vyumba viwili kuanzia modeli za 1967, na sioni sababu ya mtu kujenga gari leo bila hiyo. Ikikaa chini ya sakafu, chini kuliko wili silinda, mafuta hurudi yenyewe na pedali huwa tupu kwa mkanyago wa kwanza. Kuna vali ndogo ya kubakiza shinikizo kwenye bomba, kiasi cha psi 10 kwa breki za dramu, inayozuia hilo.

Hendibreki ifikirie mapema. Mkono ulio ndani ya dramu ni wa Hilux, kebo na mpini ni vya gari jingine, na mvuto wa mpini wa zamani unaweza usitoshe kuisogeza shuu mpaka mwisho. Tengenezesha kebo ya urefu sahihi. Kebo iliyounganishwa kwa fundo au kuchomelewa haifai.

Na adjasta: ya kushoto na ya kulia zina nyuzi zinazopishana. Ukizibadilisha, zile zinazojirekebisha zenyewe zitakuwa zinalegea kila siku badala ya kukaza. Fungua upande mmoja kwa wakati, ule mwingine ubaki mzima uwe kielelezo chako.

Jambo moja zaidi, na hapa nawasihi vijana wa gereji. Msipulize vumbi la dramu kwa kompresa. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na gari la 1952, au shuu ambayo haijulikani ilitoka wapi, lichukulieni kwamba inayo. Vumbi hilo likiingia kwenye mapafu halitoki, na ugonjwa wake huja baada ya miaka mingi, mtu akiwa na wajukuu. Lowesheni kwa maji yenye sabuni, futeni kwa tambara, tambara mlifunge kwenye mfuko. Ni dakika tano.

Siku ya kujaribu tulianza kwenye uwanja wa changarawe, mwendo wa baiskeli, mpwa wangu akiendesha na mimi nimechutama pembeni nikitazama tairi. Mara ya kwanza za nyuma zilisimama mapema. Tukazungusha vali robo, tukarudia, robo tena, mpaka za mbele zikawa zinatangulia kufunga kila mara, kwenye changarawe kavu na kwenye ile tuliyoimwagia maji. Kisha tukapanda Marangu Mtoni asubuhi mapema kabla ya magari kuwa mengi, tukateremka hadi Himo kwa gia ya tatu, breki zikitumika kwa vipindi. Pale chini nilishuka, nikaweka kiganja karibu na dramu ya kushoto bila kuigusa, nikazunguka nikafanya vivyo hivyo upande wa kulia. Joto lilikuwa moja.